Bomba la Mkiani

Mjukuu wangu anayesoma fizikia aliniandikia kwamba huko ng'ambo yapo majumba makubwa ya utafiti wa nyutroni, na wanaoyatumia wana kikundi chao kinachoketi na wajenzi tangu mwanzo wa mipango. Aliniuliza kama nimewahi hata kulisikia neno hilo. Nilicheka peke yangu. Nyutroni nilizijua milimani kwetu Upare, juu ya Kisiwani, siku zile Ujamaa ulipokuwa bado neno jipya, na katibu wa kikundi nilikuwa mimi.

Kikundi chetu kilikuwa cha watumiaji wa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo wazee walilichimba ubavuni mwa mlima. Kijito hulijaza polepole, kisha asubuhi hufunguliwa na maji huteremka kwa mfereji shamba baada ya shamba, kila nyumba kwa zamu yake. Asiyetokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, zamu yake hurukwa. Mimi niliandika zamu hizo katika daftari, na Jumapili nilikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu.

Shangazi yangu, mjane, alikuwa na shamba la mwisho kabisa, mahali tulipopaita mkiani. Maji yakifika kwake yalikuwa yamechoka. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalikauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameanza kumshauri ateremke tambarare, kwenye kijiji kipya. Shangazi alimjibu kwamba kaburi la mumewe haliteremki.

Ndipo akaja mtaalamu wa udongo kutoka kituo cha utafiti wa kilimo. Alitaka kuweka kwetu mahali pa kupimia maji yaliyomo ardhini, na alikuwa na sanduku zito lenye nta na madini ya risasi ndani. Alieleza kwamba hushusha chombo kwa waya ndani ya bomba lililochimbiwa, nacho hutoa chembe ndogo mno ziitwazo nyutroni. Chembe hizo zikikuta maji hupungua mwendo na kutawanyika, na zile zinazorudi polepole chombo huzihesabu. Zikirudi nyingi, udongo una maji.

Mwenyekiti wetu, mzee aliyependa utani, alilizunguka lile sanduku. "Redio hii mbona haisemi?"

"Inasema kwa namba, mzee."

"Kumbe ni kama mke wangu akinuna. Yeye naye huhesabu tu."

Mtaalamu alikuwa amechora kwenye ramani mabomba yote karibu na ndiva, kwa sababu ya uzito wa sanduku. Mwenyekiti aliitazama ile ramani. "Bwana, hapa umepima chungu. Sahani ya mtoto wa mwisho hujaipima." Mtaalamu akateremka nasi kwa miguu hadi mkiani, akaona, akakubali bomba moja lichimbiwe katika shamba la shangazi. Alituambia pia kwamba shida ikithibitika, ataomba saruji ya kuinua ukuta wa ndiva. Siku ya kupima akaipanga kila Jumatano.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu mgeni haonyeshwi shamba lililokauka. Ni aibu ya mji mzima. Kamati ya kikundi chetu iliketi ikaamua, bila hila yoyote, kwamba maji ya Jumanne yote yaende mkiani, ili mgeni akute udongo wenye heshima. Niliandika mimi mwenyewe, na nilifurahi. Mahindi ya shangazi yalinawiri majuma manne.

Kisha mtaalamu akaja na karatasi zake. "Mkiani kuna maji kama juu," alisema. "Ndiva yenu inatosha. Saruji nitashauri iende kwingine, kwenye shida zaidi."

Wazee walitazama chini. Mimi nililifunga daftari la zamu.

Siku ya pili nikaenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umeyaona mahindi yangu?"

"Nimeyaona." Nikamweleza yote. Nikisema kweli, maji ya Jumanne yatakoma na mahindi yake yatakauka. Nikinyamaza, atavuna msimu huu, na saruji haitakuja.

Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Mwinjilisti mzima unakuja kuniuliza mimi kama useme kweli? Unataka nikutajie ni amri ya ngapi?"

"Mahindi ni yako, shangazi."

"Ni yangu, na ninayataka. Usije kanisani kunifanya mtakatifu." Alitupa ganda. "Haya, nenda sasa hivi. Ukikaa unywe uji, nitabadili nia."

Nilimkuta mtaalamu akifunga mizigo. Nilimkabidhi daftari la zamu, nikamwonyesha kila Jumanne. Alisoma kwa muda mrefu, nami nikingoja kukaripiwa. "Hili ndilo nilipaswa kuliomba siku ya kwanza," alisema. Akafungua tena mizigo.

Mwenyekiti hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne aliniambia, "Umetuvua nguo mbele ya mgeni."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ungetuambia kwanza, tuvue wenyewe."

Alisema haki. Tangu hapo mtaalamu aliketi na kamati kila alipokuja, na siku za kupima zikafuata daftari letu: siku moja kabla ya zamu ya shamba, na siku moja baada yake. Maji yakarudi kwenye desturi mpaka mwisho wa msimu, ili namba zisidanganye. Namba za mkiani zikashuka juma kwa juma, na mahindi nayo. Shangazi alivuna kikapu kimoja, tena cha vibunzi vyenye punje chache. Tulimpelekea mahindi kutoka mashamba ya juu. Alipokea, akashukuru, lakini hakuyasifu.

Saruji ilikuja kabla ya vuli. Tulipiga msaragambo siku nyingi, mtaalamu akibeba mawe nasi, na kamati ndiyo iliyoamua ukuta uinuliwe kiasi gani na lango likae wapi. Namshukuru Mungu kwamba aliniacha nione aibu mapema, kabla ya karatasi zile kufika ofisini.

Zamu ya kwanza ya ukuta mpya nilisimama mkiani. Shangazi alikuwa na jembe, amefunga kanga kiunoni. Maji yaliingia kwa nguvu ambayo hakuizoea, yakabomoa tuta lake la kwanza.

"Usisimame kama mgeni," alinifokea. "Ziba pale."

Nikavua viatu, nikaingia.