Beseni Langu Hosteli

Hapa kambini Kakuma, mtungi hushika foleni. Unauacha bombani alfajiri, unakwenda kupika uji, na ukirudi nafasi yako bado ni yako. Anayethubutu kuusogeza atatukanwa na akina mama mpaka ajute.

Ndiyo maana, likizo ile sisi wanafunzi wa sekondari tulipomaliza wiki yetu ya kuonja maisha ya chuo kikuu kule Lodwar, niliacha beseni langu jekundu chini ya kitanda cha hosteli. Tulikuwa tumekula chapati kantini na kumsikiliza mhadhiri aliyetuita "wanafunzi wangu". Nyumbani mama aliuliza beseni liko wapi. Nikamwambia linanishikia nafasi. Alicheka, akawasimulia majirani, na tangu siku hiyo akawa anafulia nguo kwenye sufuria.

Mtihani wa kumaliza sekondari nilifaulu. Ufadhili ndio haukuja. Ofisini waliniambia nisikate tamaa, kana kwamba kutokata tamaa hulipa karo. Nikaomba tena, nikakosa tena, nikarudi kuuza mandazi na mama.

Mwaka huu binti wa jirani yetu alichaguliwa kwenda wiki ileile. Nilimwomba aniletee beseni langu, maana mama amechoka na sufuria. Alirudi mikono mitupu, uso unang'aa. Nikamuuliza kama hakuliona.

"Nililiona, dada. Lakini si linakushikia foleni? Sikuthubutu kulisogeza. Langu nimelipanga nyuma yake."