Spageti Nzima za Mzee Yusuf

Mkono wa kulia wa Mzee Yusuf ulipoanza kutetemeka, aliisingizia baridi ya Eldoret. Baridi hiyo ilikuwa ya ajabu: ilimpata yeye peke yake, tena mkono mmoja tu, hata mchana jua likiwaka. Ukweli ni kwamba aliogopa. Bintiye Ruwayda alikuwa karibu kuposwa, na nani angeoa kwenye nyumba yenye ugonjwa?

Ruwayda, anayesomea mambo ya seli kule chuoni Chepkoilel, hakudanganyika. Jioni moja alimketisha baba yake.

"Aabo, ndani ya seli za ubongo kuna mitokondria. Ndizo zinaleta nguvu. Zikiwa na afya, nyingi huwa ndefu kama spageti, zinaungana na kuachana. Kwa watu wa ugonjwa wa kutetemeka, mara nyingi zimekatika vipande vipande. Kama kukatika ndiko kunaleta ugonjwa ama ugonjwa ndio unazikata, bado tunatafuta. Twende kwa daktari."

Mzee alisikiliza kwa makini, akashika neno moja tu. Kesho yake akapiga marufuku kuvunja spageti jikoni. Mkewe Zeinab, ambaye tangu aolewe huivunja ndio iingie sufuriani, alicheka hadi akakaa chini. Hata hivyo akaipika nzima. Mzee akala wiki nzima, spageti zikimning'inia ndevuni, mchuzi ukilowesha shati, mkono ukitetemeka vilevile.

"Baba Ruwayda, utamwona daktari ama nikufunge kitambaa cha mtoto shingoni?"

"Ni baridi, mama."

Ijumaa wakaja wazee wa upande wa kijana aliyetaka kumposa Ruwayda, wakiongozwa na Mzee Ayub. Kwa Yusuf, chai ya mgeni humiminwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kazi hiyo haachiwi mtu mwingine. Akainua birika. Mdomo wa birika ukagongagonga kikombe, chai ikamwagika mezani. Wageni wakatazama zulia kana kwamba linauzwa.

Yusuf akaweka birika chini. Neno baridi lilikuwa tayari mdomoni, likakataa kutoka.

"Mzee Ayub, huu mkono ni mgonjwa. Daktari sijamwona. Niliogopa mtamkataa mtoto wangu."

Ayub alivuta birika upande wake, akajaza vikombe vya wenzake kimoja kimoja. Cha Yusuf akakiacha nusu, akamsogezea.

"Kaka yangu pia huwa namwekea nusu," alisema. "Ukijaza, anajichoma."