Shamba Lililokuwa Vakansi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kutia ndani yake utamu na chumvi, kila kimoja mahali pake. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaona tundu la sindano, na kwa kuniacha hai mpaka nikaona nililoliomba. Niliomba kwa hasira, sitaficha.

Wakati wa vita nilikaa Buyenzi, hapa Bujumbura. Asubuhi nilifundisha watoto Kurani, mchana nilishona kanzu. Dada yangu, mjane, alikuwa na shamba la mpunga katika bonde la Rusizi, si mbali na uwanja wa ndege. Tuliachiwa shamba hilo na baba, na mimi nilimpa dada fungu langu, kwa kuwa ndilo lililowalisha watoto wake watano. Risasi zilipozidi kule bondeni alifunga godoro lake, akaja kwangu na wanawe. Tulilala watu tisa katika vyumba viwili, tukamshukuru Mungu.

Msimu wa pili, wote waliokimbia mashamba ya upande ule waliitwa kwenye ofisi moja Rohero. Nilimsindikiza dada. Karani, mtu wa makamo mwenye tai, alikuwa na karatasi ya Kifaransa mbele yake.

"Mama, shamba yako iko vacante, sivyo?"

Dada alisikia vakansi, neno tunalotumia sote kwa likizo, shule zikifungwa.

"Ndiyo, iko vakansi," akasema. "Na mi niko vakansi. Vita ikiisha tunarudi wote ku kazi."

Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Mupunga yangu nayo inapumuzika, patron! Iko na barua ya daktari!"

Karani naye alicheka, akasogeza kidau cha wino. Dada akatia kidole gumba. Mimi, niliyesoma vitabu vya fikihi kwa Kiarabu lakini Kifaransa sikijui, nilimshika mkono ili alama itoke vizuri.

Neno lile lilikuwa na maana ya ardhi isiyo na mwenyewe. Tulilijua siku ya utulivu dada alipokwenda kutazama mipaka yake, akakuta waya na mlinzi. Mashamba yetu yalikuwa yamepewa kampuni ya wageni, kwa miaka mingi kuliko ile iliyonibakia duniani. Walitaka kulima maharagwe membamba ya kijani, yanayochumwa asubuhi na kupakiwa kwenye ndege. Mwaka ule watu wa mjini tulipanga foleni kupata maharagwe makavu ya msaada.

Nilirudi Rohero. Nilimwambia karani kwamba dada hakuelewa lile neno.

"Mzee," akasema, "mulisema wenyewe. Na mulicheka."

Kwa hayo maneno mawili ya mwisho sikumsamehe. Kila nilipoweka paji la uso chini niliyasikia. Nilikuwa nikiwafundisha watoto subira, kisha naketi kwenye cherehani nikiomba wale watu wa kampuni waone chungu.

Mungu akamleta mgeni mmoja wa kampuni ile mlangoni kwangu. Aliletwa na karani yule yule, kama mkalimani. Watu wa bondeni walimwambia kwamba mimi ndiye ninayeujua udongo ule tangu baba aufyeke. Mgeni alikuwa mpole. Aliketi kwenye benchi langu, akanywa chai, akauliza waanzie wapi kupanda.

Nilijua jibu. Bonde lile lina chumvi chini. Mpunga huishi pale kwa sababu maji husimama juu yake na kuikandamiza chumvi. Ukiyaondoa maji, jua huivuta juu, na maharagwe hayaivumilii hata kidogo.

Nikasema: "Kuna kipande upande wa mto. Ng'ombe wanakipenda kuliko vyote. Hata kiangazi nyasi zikiisha wanakuja, wanalamba udongo."

Maneno yangu yalikuwa marefu, tafsiri ya karani ikawa fupi. Mgeni akatabasamu, akaandika.

"Umemwambia na kulamba?" nikamuuliza karani.

"Mzee, mugeni hana wakati ya ng'ombe."

Mchungaji yeyote wa bondeni anajua ng'ombe hulamba nini. Ningeweza kusisitiza. Nilimwongezea mgeni chai.

Sikusema uongo hata neno moja, na najua kwamba hilo halinitoshi mbele ya Mungu. Jioni nilimsimulia dada, akacheka mpaka akashika ukuta.

Waliondoa maji wakapanda. Maharagwe yaliota mazuri, kisha majani yakaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Wakaleta pampu, wakamwagilia na kukausha, wakamwagilia na kukausha, na kila mara udongo ukazidi kuwa mweupe. Habari zilipofika Buyenzi nilisali rakaa mbili za shukrani. Nilifurahi. Bado nafurahi nikikumbuka. Kabla vita havijaisha walikuwa wameondoka, wakaacha waya na mabomba yenye kutu.

Siku tuliyorudi shambani nilikwenda mbele nikitembea kama mshindi. Weupe haukuishia kwenye kipande cha mto. Ulikuwa umefuata maji ya pampu mpaka kwenye majaruba yote manne ya dada. Akachota udongo kwa kidole, akauonja, akatema.

"Kaka," akasema taratibu, "umewatilia chumvi. Na mi umenitilia."

Nilivua viatu, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba mfereji. Misimu miwili tuliingiza maji na kuyatoa, kuosha tu, bila kuvuna hata punje. Wakati ule watoto wake walikula kwa sindano yangu. Msimu wa tatu mpunga ulishika. Dada alinipikia sahani ya kwanza, akaweka kijiko kidogo cha chumvi pembeni, akanitazama. Nilikula bila kuigusa.

Karani sijamsamehe. Namwombea umri mrefu, ili siku moja asimame kwenye foleni na kusomewa karatasi ya lugha asiyoijua.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe ardhi inayokujua, akuepushe na neno usilolielewa, na hasira yako aipe njia isiyopita katika shamba la ndugu yako. Amina.