Deputy, Barua ya Chifu na Nyumba Yetu ya Grade 4

Mwaka jana nilifukuzwa shule, nikafika nyumbani kabla kengele imalize kulia.

Sikupanda boda. Sikutoka hata geti. Ngojeni niwaambie.

Naitwa Adero. Tulikuwa tunakaa Kihoto, Naivasha, mimi na mathe, mama yangu. Ziwa likapanda. Siku ya kwanza maji yalikuwa mlangoni, ya tatu yakawa kwa kitanda, na wiki ikiisha kiboko alikuwa anaota jua pale tulikuwa tunaanika nguo.

Na kiboko humwambii ahame.

Tukahamishiwa shuleni kwetu, familia sita ndani ya darasa la Grade 4. Wale watoto wakapelekwa kusomea kanisani. Mimi nilikuwa Grade 9, mlango wa pili kutoka hapo. Hatua ishirini niko class. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa sichelewi.

Halafu ikaja wiki ya kusajiliwa mtihani.

Deputy wetu, Mwalimu Ngigi, msaidizi wa mwalimu mkuu, alikuwa mtu wa makaratasi. Akatangazia shule nzima kwa parade kwamba kila mtahiniwa alete barua ya chifu ya kuonyesha anakaa wapi, mwisho Ijumaa. Ukikosa, mtihani utaufanya mwaka ujao.

Mathe akaenda kwa chifu. Chifu akasema yeye huandikia watu wa mtaa, na darasa si mtaa, tuulize shule. Deputy naye akasema mambo ya makazi si ya shule, turudi kwa chifu. Siku tatu tukirushwa hivyo kama mpira. Mathe, ambaye hakulia hata nyumba ikizama, alilia nje ya ofisi ya deputy. Iliniuma, wacha tu.

Alhamisi deputy akanitoa class. Akaniambia niende nyumbani, nisirudi bila barua.

Nikasema sawa, mwalimu. Nikatembea hatua zangu ishirini, nikakaa kwa godoro, nikafungua dirisha. Madam Chepkurui wa hesabu ana sauti, yeye hahitaji maiki. Nikaendelea kuandika notes.

Deputy akaniona. Akaja mbio mpaka mlangoni.

"Adero, si nilikwambia uende nyumbani?"

"Niko nyumbani, mwalimu. Karibu ndani. Lakini utoe viatu, mathe amepiga deki."

Grade 9 wote walicheka. Deputy akaangalia masufuria yamepangwa chini ya ubao, akaenda zake.

Ijumaa Madam Chepkurui akanisajili mwenyewe. Mahali pa makazi akaandika jina la shule. Fomu ikakubaliwa. Nikamuuliza barua ya chifu inaingia wapi. Akapekua fomu mbele na nyuma, hakuna mahali. Kumbe ile barua deputy alijitungia tu.

Mwezi uliofuata ziwa likafika nyumba za walimu.

Jioni moja tukabishiwa hodi. Alikuwa ni Mwalimu Ngigi, suruali imelowa mpaka magoti, godoro kwa kichwa.

Nikamuuliza pole pole, "Mwalimu, uko na barua ya chifu?"

Akateremsha godoro. Mathe akanikata jicho, akavuta godoro letu kando kumpa nafasi.

"Ingia, mwalimu," akasema. "Viatu acha hapo nje."

Wewe mwenye ofisi na muhuri, kabla uitishe mtoto karatasi ya nyumbani, muulize kwanza kama nyumbani bado kuko.