Nyuso za Dada Zake

Kila nikisikia harufu ya samaki mkavu sokoni, hasira hunipanda. Bibi Myahudi mwenye duka mtaani kwetu Kolwezi alikuwa amechora kwa makaa nyuso za dada zake, waliouawa kambini huko Ulaya wakati wa vita. Yeye peke yake alipona. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka, tajiri aliyepewa duka lake akaanza kufungia samaki kwenye michoro ile.

Mama alimwambia, "Tata, ile ni dada yake. Unafungia samaki mu sura yake?"

"Ni makaratasi tu, mama."

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye foleni, nyuma yetu. Zamu yake ilipofika aliomba samaki mmoja, akaonyesha kwa kidole karatasi aliyoitaka. Yule tajiri akamfungia, akapokea pesa.