Siku Nafula Alipompanda Punda wa Maji

Siku ile tulikuwepo mimi na mume wangu Wafula, saisi wa kutunza farasi wa mashindano. Watoto wetu wawili, Nafula na kaka yake Barasa. Pasta Shikuku wa kanisa letu. Na Mama Atieno, jirani wa mlango wa pili, mpiga ngoma wa kwaya. Na Bosi, punda aliyevuta mkokoteni wetu wa maji. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka mtaa wetu wa Umoja wa miaka ya tisini, mifereji ikikohoa hewa tupu, punda akiheshimiwa kuliko diwani.

Pasta alitaka Jumapili ya Matawi mtoto aingie kanisani juu ya punda. Akamchagua Nafula. Msichana hata chakula kikamshinda kwa furaha. Lakini Wafula akakataa: hakuna kupanda kabla ya kazi ya chini. Ee, nilichoka na huyo mtu! Kila jioni yuko na watoto na punda uwanjani: mshike kamba, tembea naye, ukisimama asimame, ukimgusa kifua arudi nyuma, papasa masikio mpaka asishtuke. Vumbi lote kwenye sufuria zangu. Vijana wa steji ya matatu wakipita wanacheka, "Mzee, huyo anasomea leseni?"

Nikamwambia, "Baba Nafula, Yesu alipanda siku hiyo hiyo."

"Yesu hakuwa mtoto wangu," akanijibu.

Mwishowe akampandisha Nafula, bila tandiko, mikono kiunoni, ajifunze kukaa. Sasa huyo Barasa, asiye na subira, baba akienda kazini akawa na shule yake. Akamfunza Bosi kama makanga anavyogongea dereva wa matatu: gonga mtungi mara mbili, aende, mara moja, asimame. Hakumwambia mtu.

Jumapili tukafika mlangoni pa kanisa, Nafula na gauni jeupe, Wafula ameshika kamba. Mama Atieno akaanza ngoma yake: ndu-ndu! Bosi akang'oa mguu. Ndu-ndu! Kamba ikamtoka Wafula mkononi, punda akaupita mlango, mbio.

"Mama Atieno, acha ngoma!" nikapiga yowe. Yeye akadhani nimeshukiwa na Roho, akazidisha.

Barasa naye, "Gonga moja! Gonga moja!" Nani angemwelewa?

Bosi alienda alikozoea, kwenye kibanda cha maji, sisi nyuma yake na matawi yetu. Akasimama kwenye foleni nyuma ya mitungi ya watu, na Nafula juu, wima, machozi yakimtoka lakini mikono iko kiunoni. Wafula akafika akihema, akamgusa punda kifuani. Bosi akarudi nyuma taratibu, akageuzwa. Nafula aliingia kanisani juu ya punda, ibada ikiwa kwenye matangazo.

Leo wajukuu wanalipia farasi bustanini mjini, wanazungushwa mara moja, simu juu. Nikiuliza farasi anaitwaje, "Shosh, si ni farasi tu?" Nimechoka kuwaeleza. Uwanja wetu umejaa magorofa, hata mbuzi hapati pa kugeukia. Vumbi lile nililolilaani, siku hizi nalitafuta kwenye sufuria, silioni.

Mliokuwepo, kama mpiga ngoma alikuwa Akinyi, dada yake Mama Atieno, nisahihisheni, sitakasirika. Lakini mtoto hakuanguka. Hilo msinibishie.