Pazia la Siku ya Hina

Bandarini nilifundishwa huduma ya kwanza, na nyumbani nikawa mzaha. "Daktari wa plasta," ndivyo dada yangu mkubwa alivyoniita kila aliponiona na kisanduku changu. Niliwaambia wanawake wa ukoo wetu, njooni niwafundishe kubonyeza kifua, siku moja mtu ataanguka nami sipo. Wakacheka. Dada akasema, "Tuondolee nuksi, sisi tuna harusi."

Harusi ilikuwa ya bintiye, mpwa wangu wa pekee. Siku ya hina, alasiri, nyumba yao katika kichochoro nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu ilijaa wanawake. Wamevua mabuibui, nywele wazi, wamejipamba. Siku kama hiyo mwanamume hata ngazi hapandi. Mimi nilikaa barazani kupokea masinia ya sambusa na kuyaacha chini ya ngazi.

Mara vigelegele vikakatika. Yakafuata mayowe, na sauti ya jirani: "Yallah! Mama wa bibi harusi ameanguka!"

Nikapanda mbio. Mlangoni pametundikwa pazia, na nyuma ya pazia mikono ikanisukuma.

"Subiri! Watu hawajajisitiri!"

"Anapumua?"

"Twamsomea. Subiri kwanza!"

"Nauliza, anapumua?"

"Akoroma tu."

Mtu aliyezimia akawa akoroma mara moja moja vile, huyo hapumui. Nilijua. Nikapiga kelele: mlazeni chali sakafuni, mmoja apige magoti ubavuni, abonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, asiache! Nani wa kunisikiliza? Kila mmoja alikuwa akitafuta buibui lake kwenye rundo, na mabuibui yote meusi. Huyu avaa la mwenzake, avua, atafuta tena. Nilitukana, Mungu anisamehe. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Anayesema ningepita tu kwa nguvu hakuzaliwa mitaa yetu. Walioziba mlango walikuwa wengi, na aliyekuwa mbele yao ni mke wangu.

Waliponifungulia, kila mtu alikuwa amejifunika gubigubi. Hata dada yangu, aliyelala na gauni lake zuri, walimfunika leso hadi kidevuni. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi. Nilimbonyeza kifua bila kuacha. Gari la wagonjwa halingeweza kuingia kichochoroni, tukamtoa juu ya godoro hadi barabarani, nami niko pembeni nabonyeza kila tuliposimama. Hospitalini daktari alisema pole, akaenda zake.

Nilikasirika hadi matangani. Watu wakinipa mkono wa taziya nami moyoni nawachukia wake zao. Nilimkosa dada aliyenilea, na waliomzunguka walikuwa watu wanaompenda. Hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Baada ya arubaini wanawake wakaniita. Sasa wanataka kujifunza. Nikaenda na kisanduku changu, nikakuta pazia limetundikwa palepale. Mimi nikaketishwa ngazini, wao ndani na mito yao. "Nyosheni viwiko," nasema. "Kifua kiacheni kiinuke kabla ya kubonyeza tena." Nasikia mito ikipigwa puu, puu, wala sijui nani apatia na nani akosea. Nikataka kuondoka. Ala! Tumerudi kulekule?

Pazia likafunguka kidogo, akatoka mpwa wangu na mto kwapani. Mimi ni mjomba wake, hana haja ya kujisitiri kwangu. Akauweka mto sakafuni mbele yangu, akapiga magoti, akaanza kubonyeza. Viwiko vimenyooka sawasawa. Hina ilikuwa imefutika mikononi, imebaki kwenye kucha tu.

"Nilikuwa karibu naye kuliko wote, mjomba," alisema bila kuinua macho. "Nilitaka kumshika. Wakanishika mikono, wakaniambia hina bado mbichi, itaharibika."

Nikamwambia abonyeze kwa nguvu zaidi.